Makabidhiano ya Gari Lisilotembea

Mume wangu ni mwoga. Nalisema mbele yake, mbele ya mama yake na mbele ya wageni, naye huitikia kwa kichwa tu, maana hana ugomvi na ukweli. Anaogopa radi, mbwa, ngazi, na watu wanaocheka kwa sauti kubwa wakiwa kwenye simu. Mama yake, ambaye tunaishi naye nyumba moja, husema siku aliyomzaa radi ilipiga karibu na dirisha, na mtoto akatoka akiwa ameshaziba masikio. Sijui kama ni kweli. Mama mkwe wangu akianza kusimulia, chumvi haimwishi mkononi.

Jina la Breki alipewa na madereva wenzake zamani, alipokuwa akiendesha lori la kampuni ya kusambaza soda. Akiona mpira barabarani anapiga breki, maana nyuma ya mpira kuna mtoto. Akiona mfuko wa plastiki unapeperuka anapiga breki, maana huwezi kujua. Waliokaa naye kiti cha mbele walishuka wakijishika vipaji vya nyuso. Lakini katika miaka yote ile hakugonga hata kuku, na kati ya wale waliomcheka wapo tuliokwenda kuwatazama hospitali, na wapo tuliowazika. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," mama mkwe hunikumbusha kila ninapozidisha mzaha. Nami humjibu kwamba kicheko kimefika salama, mama, ndicho hiki ninachocheka.

Kwenye kampuni ile ya soda ndiko alikojifunza makabidhiano. Dereva akimaliza zamu yake haondoki mpaka amemkabidhi gari dereva anayeingia. Wanalizunguka pamoja, anayetoa akitangulia, mkono wake juu ya bodi, akitaja kwa sauti kila kidonda: hapa pamekwaruzwa, taa hii ina ufa, tairi hii imelika upande mmoja. Lazima awepo mtu wa tatu wa kusikia. Mwisho anayepokea hutamka neno moja, "Nimepokea," na kuanzia hapo gari ni lake pamoja na vidonda vyake vyote. Asipotamka, bado ni la yule wa kwanza, awe na usingizi au awe na msiba. Madereva wengine wakiacha kazi huiacha desturi hiyo hukohuko. Breki aliileta nyumbani.

Siku niliyojifungua binti yetu, muuguzi alimletea mtoto akiwa amefunikwa vizuri. Breki hakumpokea. Alimfunua kwanza, palepale mikononi mwa muuguzi, akaanza kumzunguka. "Mkono wa kulia, vidole vyote vipo. Mkono wa kushoto, vyote vipo. Sikio hili lina alama nyekundu hapa juu, dada, uione na wewe." Muuguzi akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Alipomaliza hadi nyayo akasema, "Nimepokea," kisha akambeba na kuanza kulia kama yeye ndiye aliyezaliwa. Nilitaka kucheka lakini nyuzi za mshono zilinikataza.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyetafutwa na Tajiri.

Tajiri ndivyo sote tulivyomwita, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa akiuza vigae, masinki na rangi za nyumba, mtu mcheshi, mwepesi wa kutoa, asiyepita mlangoni bila kukuuliza habari za mama yako. Alikuwa amenunua gari la mbio kutoka ng'ambo, jekundu, la chini kiasi kwamba ukitaka kuingia lazima kwanza ukubali kupoteza heshima. Kiwanda kilitengeneza machache tu. Kila moja lilikuwa na namba yake kwenye kibati karibu na kiti, na huwezi kwenda tu na pesa ukalinunua. Kiwanda ndicho kilichochagua nani auziwe. Tajiri alipochaguliwa alifanya karamu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kitu kikiwa adimu hupanda bei, kwa hiyo gari lilale, lisiguse barabara, kisha siku moja aliuze kwa mara mbili ya alichotoa. Magari ya aina hiyo kila kilomita inayoongezeka kwenye mita inakula thamani. Alihitaji dereva ambaye hataendesha.

"Nimesikia wewe unaogopa kila kitu," alimwambia Breki siku ya kwanza.

"Si kila kitu, Tajiri," Breki akajibu. "Kuna vitu sijakutana navyo."

Akaajiriwa siku hiyohiyo.

Gari liliwekwa kwenye ghala lililokuwa zamani la unga, nyuma ya duka, sakafu ikapigwa rangi ya kijivu mpaka ikang'aa. Kazi ya Breki ilikuwa kuliweka hai bila kulitumia. Alipima upepo wa tairi. Alilisukuma kidogo kila wiki, upana wa kiganja, ili tairi zisilalie upande mmoja zikapata bapa. Aliliwasha, akalisikiliza likinguruma huku ameziba sikio moja, akalizima. Betri aliichaji kwa chaja maalumu ambayo iliruhusiwa kukaa imechomekwa usiku na mchana, ila yeye aliichomoa kila jioni kabla ya kutoka, maana umeme nao ni kitu cha kuogopwa. Hakuwahi kuligusa kwa mkono mtupu. Alivaa glovu za pamba, na akipiga chafya alitoka nje.

Mimi ni fundi cherehani, na nguo ya kulifunika gari niliishona mimi. Flaneli laini, niliyoifua mara nyingi mpaka ikaacha ukakamavu, bila zipu, bila kifungo, bila chochote cha kuweza kukwaruza, na mifuko miwili ya kuingiza vioo vya pembeni kama masikio ya sungura. Nilipokuwa nikichukua vipimo Breki alinifuata nyuma akishikilia ncha ya chuma ya tepu yangu isije ikagusa rangi. Niliwahi kuwashonea mabibi harusi wenye mama zao pembeni, lakini msumbufu kama yule sijampata tena.

Miaka ya mwanzo Tajiri alikuwa mtu wa furaha. Bei za magari kama lake zilipanda, naye alizisoma kwenye simu kila asubuhi na kumsomea Breki kwa sauti. Lakini asingeweza kuuza. Mkataba wa kiwanda ulimkataza kwa muda, na atakayeuza mapema hatauziwa tena kamwe. Akasubiri. Alipokuwa anasubiri, kiwanda kikatoa jingine linalofanana nalo lakini lisilo na paa. Kisha likatoka la kusherehekea miaka ya kiwanda. Kisha la mwisho kabisa. Kisha, baada ya la mwisho, jingine. Mama mkwe aliposikia akasema, "Hayo si magari adimu tena, huo ni ukoo." Muda wa mkataba ulipokwisha, wote waliokuwa wameficha magari yao wakafungua milango siku moja, kila mtu anataka kuuza, na wa kununua hayupo.

Bei ikaanguka. Tajiri akaacha kusoma kwa sauti. Akawa anakuja ghalani, anakaa kwenye kiti chake cha ngozi mbele ya gari lililofunikwa, anatazama simu, anatazama gari, anaondoka bila kuuliza habari za mtu.

Utani ulianza hapo. "Breki," alisema siku moja akicheka, "unajua hili gari likiungua lina faida kuliko likiuzwa?"

Nami nilielezwa maana yake jioni ile, mezani, chakula kikipoa. Gari lilikatiwa bima wakati bei iko juu kabisa. Tajiri na watu wa bima walikubaliana thamani, ikaandikwa, na thamani hiyo haikushuka pamoja na soko. Sokoni gari halifikii hata nusu. Likiteketea, atalipwa yote.

"Ni utani," nikamwambia.

"Utani," akasema Breki. "Lakini alinitazama baada ya kucheka, aone kama nami nacheka."

"Na ulicheka?"

"Nilicheka. Niliogopa kutocheka."

Nikamwambia anaogopa kivuli chake. Mwezi ule aliniletea kivuli kimoja kimoja, na kila mara nilikuwa na jibu. Mitungi ya kuzimia moto ilichukuliwa ukutani kwenda kujazwa, haikurudi. Nikasema mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo. Kiti cha ngozi kikahamishiwa nyumbani kwa Tajiri, na picha yake akiwa na watu wa kiwanda nayo ikatolewa ukutani. Nikasema labda mkewe ameitaka. Kisha yakaja madumu ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, yakapangwa nyuma ya gari eti dukani hakuna nafasi. Hapo nilichelewa kidogo kujibu.

Kisha ikaja chaja. Breki alifika asubuhi akakuta chaja yake haipo, na mahali pake kuna nyingine kuukuu, waya wake umefungwa kwa utepe mweusi. Tajiri mwenyewe alimpigia simu. "Hiyo usiichomoe jioni. Iache. Unaniulia betri kwa uoga wako."

Jioni hiyo Breki hakula kabisa.

"Nani anachomeka chaja?" akaniuliza.

"Wewe."

"Nani ana funguo za ghala?"

"Wewe, na yeye."

"Yeye atakuwa kwenye harusi, au safarini, au hospitali anapimwa presha. Kutakuwa na watu mia waliomwona. Moto ukiwaka watauliza nani alikuwa wa mwisho kutoka. Ni mimi. Nitafungwa mimi. Na kama nitakuwa ndani ukiwaka..." Mama mkwe aliacha kutafuna.

"Acha kazi," nikasema.

"Nikiacha leo, likiungua kesho, watasema niliondoka na hasira. Niende polisi? Niwaambie nini? Kwamba bosi wangu ameweka thina yake kwenye ghala lake?"

Nikamfunikia chakula chake. Kuanzia hapo akawa anaondoka asubuhi kama mtu anayepelekwa. Chaja aliichomoa jioni kinyume cha amri, na akirudi nyumbani alikuwa na hofu mbili: kwamba ghala litaungua, na kwamba Tajiri atajua ameichomoa. Usiku alikuwa akikohoa mpaka binti yetu anaamka. Akisikia king'ora mbali, anatoka nje na singlendi yake kutazama moshi uko upande gani.

Nami nilikuwa bado nimeshika kamba ya mwisho: kwamba mume wangu ni mwoga, na mwoga huona nyoka kwenye kila kamba. Kamba hiyo aliikata Tajiri mwenyewe.

Nguo ya gari ilikuwa imechakaa pindoni. Tajiri ndiye aliyeagiza nyingine, kabla mambo hayajaharibika, nami nilikuwa nimeshakata kitambaa na kuunga mgongo. Nikaenda ghalani mchana kujaribisha. Niliingia na furushi langu, nikasikia harufu ya thina kabla sijaona chochote. Tajiri alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa vizuri, na begi la safari miguuni.

"Shemeji," akasema, "hiyo nguo usijisumbue tena. Fedha yako nitakupa yote."

"Kwani umeliuza, Tajiri?"

"Hapana."

"Sasa litavaa nini?"

Akatazama simu yake ambayo haikuwa imelia. "Halitahitaji," akasema.

Nilisimama na lile furushi kifuani, kitambaa ambacho nilikifua kwa mikono yangu, na kwa mara ya kwanza niliogopa kama anavyoogopa mume wangu. Nilitaka kumshika mkono tukimbie. Badala yake nilibaki nimesimama.

Tajiri akamgeukia. "Breki, umefanya kazi sana. Chomeka chaja, funga mlango, nenda nyumbani na mkeo. Mimi nasafiri leo. Chukua likizo, nitakuita."

Yaani siku ni leo. Nilimtazama mume wangu na yeye alikuwa anajua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Sawa, Tajiri," akasema. "Lakini nikukabidhi kwanza."

"Unikabidhi nini?"

"Gari. Mtu haondoki bila kukabidhi." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akaenda mlangoni, akamwita mlinzi wa geti, mzee mstaafu wa jeshi tuliyemwita Afande. "Afande, njoo usikie. Ni desturi." Afande akaja na kikombe chake cha chai.

Tajiri akacheka. "Breki, nina safari."

"Si muda mrefu, Tajiri."

Akaifunua nguo, akaikunja, akaniwekea mikononi. Kisha akavua glovu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya gari lile. Akaweka mkono mtupu juu ya boneti, na alipousogeza uliacha alama ya jasho, vidole vyote vikionekana.

"Boneti, nzima. Taa ya kulia, nzima. Kioo cha mbele, kizima. Tairi ya mbele kushoto, nzima, upepo upo." Pete yake ya ndoa ilikuwa inagonga bodi. "Mlango, mzima. Kwenye mita, kilomita ni zilezile. Tairi ya nyuma, nzima." Akafika nyuma. Akasimama. "Nyuma ya gari, madumu ya thina. Hili na hili, vifuniko vimelegezwa."

"Hayo si ya gari," Tajiri akasema.

"Yamo chumbani mwake, Tajiri. Nakabidhi na chumba."

Afande alikuwa amekishusha kikombe.

"Ukutani, mahali pa mitungi ya kuzimia moto. Mahali papo, mitungi haipo." Akainama kwenye chaja, akaugusa waya kwa kidole kimoja haraka, kama mtu anayejaribu pasi. "Chaja. Si ile niliyopewa. Ile sijui iliko. Hii waya wake umechunika hapa chini ya utepe, shaba inaonekana. Afande, njoo uione na wewe." Afande akaenda, akainama, akaona. "Haijachomekwa. Nimeagizwa niichomeke nikitoka." Akajinyoosha, akajifuta viganja kwenye suruali. "Makabidhiano yamekwisha. Sema umepokea, Tajiri, niondoke."

Nje mtu alikuwa anapakia masinki kwenye gari, akiyahesabu kwa sauti.

"Na nisiposema?" Tajiri akauliza.

"Basi siwezi kuondoka. Bado ni la kwangu."

"Utakaa humu?"

"Nitakaa." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Akageuza ndoo ya kuoshea magurudumu, akakaa juu yake, katikati ya gari na madumu. Akili yangu iliniambia nitoke nje, nina mtoto. Lakini nilijikuta nimekaa sakafuni pembeni yake na furushi langu, na mpaka leo sijui nilifikaje pale. Nilimshika kifundo cha mguu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Tajiri alituangalia. "Breki, kwani wewe unadhani mimi ni mtu wa namna gani?"

"Sijui, Tajiri," mume wangu akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Nafikiri kosa la Tajiri lilikuwa la siku ya kwanza. Alitafuta mwoga, akampata, akadhani mwoga ni mtu wa kunyamaza. Hajaishi naye. Mimi ningemwambia kwamba mtu akiogopa namna ile hutaja kila kitu.

Tajiri alirudisha simu mfukoni. Kisha uso ule mcheshi ukakunjamana, akaonekana mzee, na nikaona kwamba yeye pia alikuwa anaogopa, tena huenda alianza zamani. "Wamenitajia bei ya gari jana," akasema, si kwa mmoja wetu. "Hata vigae vya bafuni vinapanda." Akatembea hadi ukutani, akaiokota ile chaja, akauzungusha waya kwenye mkono wake kwa uangalifu wa ajabu, akaitia kwenye begi la safari. "Afande, toa hayo madumu nje." Akaondoka, na hakusema amepokea.

Kwa hiyo Breki hakuondoka. Alikaa pale juu ya ndoo mpaka madumu yalipotoka yote, kisha akajaribu kusimama, akashindwa. Mimi na Afande tulimwinua kwapani. Afande alinywa chai yake iliyobaki, akasema amewahi kuona vita, lakini leo chai imempoa mkononi.

Tajiri hakulizungumzia jambo lile tena, nasi hatukumuuliza. Kama angefanya kweli au angegeuka njiani, hilo analo yeye. Wiki chache baadaye gari liliuzwa kwa bei ambayo ilimfanya afunge duka moja. Likaja lori la kubebea magari, na mnunuzi kijana mwenye miwani ya jua. Breki alimzungusha, mkono juu ya bodi, Afande akiwa shahidi. Kijana yule alicheka mwanzo mpaka mwisho, lakini alisema, "Nimepokea." Kisha, badala ya kulipakia, akaingia ndani akaliendesha. Tulilisikia likipiga kelele mpaka mwisho wa barabara, kilomita zikiongezeka. Breki alifumba macho yote mawili.

Sasa anaendesha gari la kupeleka mikate. Ni kazi nzuri, na mikate haimtishi sana. Lakini woga wa ghala lile haukuisha kama nilivyodhani utaisha. Jirani akipaka rangi geti lake, harufu ikiingia dirishani, mume wangu husimama katikati ya sentensi. Na kila jioni, kabla hajazima taa, ananikabidhi nyumba. Anatembea chumba kwa chumba, mkono ukutani, mama yake akiwa mtu wa tatu, kutoka kitandani kwake.

"Jiko, limezimwa. Gesi, imefungwa. Pasi, imechomolewa, imepoa. Mlango wa nyuma, komeo lipo. Mtoto, amelala, mguu mmoja nje ya shuka."

"Mama je?" mama mkwe huuliza kutoka chumbani.

"Mama, mzima, anaingilia mazungumzo."

Zamani ningemwambia azime taa tulale, amenichosha. Sasa namsubiri amalize. Juzi alipofika kitandani akaketi, kazi imekwisha, nikaona ameruka kitu, kama anavyokiruka kila siku.

"Na baba?" nikamuuliza. "Baba hujamtaja."

Alifikiri. Akaweka kiganja kifuani mwake, kilekile kilichoacha alama kwenye boneti.

"Baba," akasema, "anaogopa."

"Nimepokea," nikamwambia, nikazima taa.